Kwanza freni, kisha motere: kujitayarisha kwa siku ya kwanza ku pisti

Vijana wengi wakipata pesa ya machimbo wananunua moto. Lakini kuna wale ambao shimo iliwatolea vizuri, nao wananunua gari ya mbio: Subaru Impreza ya turbo, Toyota Altezza, Mark II. Ni magari ya okazioni yaliyotoka Japani, yakashuka Mombasa, yakapita Kampala, yakaingia Kasindi na volani upande wa kuume. Gari ikifika Beni ao Butembo, mwenyewe anataka kujua jambo moja tu: inakimbia namna gani? Na anaijaribu pale anapoweza, ni kusema ku barabara ya watu wote.

Mwaka 2021 marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walikutana mpakani, kati ya Kasindi na Mpondwe, kuzindua kazi ya barabara Kasindi–Beni–Butembo. Tulikuwa tumengojea gudroni miaka mingi. Sasa, pahali gudroni inafika, mbio inafika pia. Lakini ku gudroni ile ile kuna watoto wa masomo, kuna mama mwenye kitunga cha mihogo, kuna chukudu iliyobeba makala, kuna mbuzi. Dereva anayejaribu turbo kati ya Maboya na Kabasha hajaribu gari yake peke yake. Anajaribu pia maisha ya watu ambao hawakumuomba kitu.

Hatutaki kuambia vijana waache kupenda mbio. Tunataka kusema kwamba mbio iko na nafasi yake, nafasi ile inaitwa pisti, na mtu haingii pale vile anaingia ku soko. Gari inatayarishwa, na mwenyewe anajitayarisha. Mchimbaji anaelewa jambo hilo kuliko watu wengine. Mbele ya kushuka ndani ya shimo haanzi kuuliza dhahabu ni gramu ngapi. Anaangalia kama miti inashikilia udongo, kama kamba ni nzima, kama hewa inafika chini.

PISTI NI NINI

Pisti ni njia iliyofungwa. Hakuna gari inayokuja mbele yako, kwa sababu wote wanazunguka upande mmoja. Kando kuna watu wa bendera, kuna gari ya wagonjwa, kuna nafasi ya kutoka nje bila kugonga nyumba ya mtu. Na siku ya pisti haiko mashindano. Hakuna zawadi, hakuna wa kwanza. Unalipa, unaingia kwa zamu ya dakika 15 ao 20, unatoka, unaacha gari ipoe, unarudi tena.

Ujerumani iko pisti ya Nürburgring. Njia yake ya kaskazini, karibu kilomita 21, ilifunguliwa mwaka 1927. Mpaka leo, kuna siku ambapo mtu wa kawaida mwenye permi na gari inayoruhusiwa ku barabara analipa, anaingia, anazunguka.

Hapa kwetu hakuna kitu cha namna ile. Ya karibu iko Uganda, ambako klabu za magari zinakusanyika chini ya shirikisho lao, FMU. Wanajulikana kwa pisti ya Busiika, kaskazini ya Kampala, na ile ya Garuga, upande wa Entebbe. Kule sana sana ni udongo, gudroni kidogo. Kenya wako na Kiamburing, ambako barabara ya gudroni ya Kiambu inafungwa na madereva wanapanda mmoja mmoja, saa ikiwahesabu.

Basi shauri la kwanza halihitaji fundi: piga simu kwa klabu mbele ya kutoa pesa. Uliza siku gani wanapokea watu wapya, njia ni udongo ao gudroni, wanadai kaske ya namna gani, na kama mgeni wa Kongo anahitaji karatasi ya pekee. Gari iliyoshushwa chini kwa ajili ya gudroni, ukiipeleka ku pisti ya udongo, utarudi na karteri iliyotoboka.

GARI YA OKAZIONI ILISHINDA WAKUBWA

Kuna wanaosema: "Sisi wa Kongo tutafanya nini na magari yetu ya zamani?" Wasome historia ya Safari, ile rali iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 ilishindwa na Joginder Singh, Mkenya aliyejifunza kazi ya fundi ku garaje ya baba yake. Gari yake ilikuwa Volvo PV544 ya okazioni, iliyokuwa imekimbizwa tayari na mwingine mwaka uliotangulia. Joginder na ndugu yake Jaswant waliinunua, wakaitengeneza kwa mikono yao, wakapita viwanda vikubwa. Alishinda tena 1974 na 1976, safari hizo na Mitsubishi.

Mwaka 1968 mvua ilinyesha vibaya. Magari 93 yalianza, 7 tu yalifika. Iliyoshinda ilikuwa Peugeot 404, ile ile ambayo baba zetu walibebea abiria na kahawa.

Na kwa wapenzi wa gari ya sport kamili, kuna Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, akakimbilia Kenya mwaka 1972 wakati Idi Amin alifukuza Wahindi. Mwaka 1973 akashinda Safari na Datsun 240Z, gari ya milango miwili. Akashinda tena miaka ine mfululizo, kutoka 1979 mpaka 1982. Ku rali ya namna ile, motere kubwa peke yake haifikishi mtu. Gari inayofika ni ile ambayo mtu aliiangalia buloni kwa buloni.

FRENI

Vijana wakipata pesa, wanaanza na motere: filtre kubwa, eshapema ya kelele, turbo. Sisi tunasema muanze na freni.

Hesabu ni hii. Ukiongeza mbio mara mbili, nguvu ambayo freni inapaswa kuua inaongezeka mara ine. Ku gudroni kavu, na pine nzuri, gari inayoenda 60 kwa saa inahitaji karibu metre 35 kusimama, tukihesabu segonde moja ya dereva kushtuka. Ikiwa 120, inahitaji karibu metre 105. Hiyo ni kiwanja cha mpira kizima, kutoka goli moja mpaka lingine. Mvua ikinyesha, ongeza tena.

Nguvu ile haipotei, inageuka moto. Diski zinakuwa nyekundu, plaketi zinanuka, na moto unashuka mpaka ndani ya mafuta ya freni. Mafuta yale yanakunywa maji ya hewa kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi. DOT 4 mpya inapaswa kuvumilia digri 230 mbele ya kuchemka. Ikisha kunywa maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. DOT 3 iko chini zaidi: 205 ikiwa mpya, 140 ikiwa imezeeka. Mafuta yakichemka yanatoa hewa, na hewa inajikunja. Unakanyaga, mguu unazama mpaka chini, gari inaendelea.

Basi, wiki moja mbele ya pisti: toa mafuta yote ya zamani, weka DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, na mutoe hewa ku magurudumu yote mane. Chupa iliyofunguliwa tangu mwaka uliopita, hata kama imejaa, usiitumie. Plaketi ziwe na unene wa kutosha, zaidi ya nusu. Diski zisiwe na ufa. Mipira ya freni, ikiwa imekauka na kupasuka, ibadilishwe. Kazi yote hii ni bei ndogo kuliko turbo.

PINE NA BULONI

Gari inashika chini kwa vipande vine vya mpira, kila kimoja sawa na kiganja cha mkono. Ku soko utapata pine ya okazioni inayong'aa, muuzaji ameipaka dawa nyeusi. Usitazame kung'aa. Tafuta namba ine za mwisho nyuma ya herufi DOT: 2319 ni kusema juma la 23 la mwaka 2019. Pine iliyopita miaka sita, saba, mpira wake umekuwa mgumu hata kama meno yake bado marefu. Na ile iliyobandikwa mpira mpya juu ya zamani isiingie ku pisti hata kidogo, moto utaibandua.

Angalia pia herufi ya mbio: T ni mpaka 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Pepo ipimwe asubuhi, pine zikiwa baridi, kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ku mlango wa dereva. Isipimwe kwa kupiga teke. Zikipata moto pepo inapanda yenyewe, kwa hiyo pima tena kila ukitoka.

Buloni za magurudumu zikazwe kwa ufunguo unaopima nguvu, kwa namba ya kiwanda. Fundi anayeruka juu ya ufunguo kwa mguu anaharibu meno ya buloni. Kisha zamu ya kwanza, gari ikipoa, kaza tena.

MOTERE, MAJI NA ESANSE

Mafuta ya motere yawe mapya na yafike ku alama ya juu, bila kuipita. Ndani ya viraji vikali mafuta yanakimbilia upande mmoja. Kama ni kidogo, pompi inavuta hewa, na motere inakufa kwa segonde chache. Turbo nayo inahitaji mafuta kuipoza. Ukimaliza zamu, zunguka mara moja polepole, kisha uache motere iende kidogo mbele ya kuizima.

Butembo iko juu sana, zaidi ya metre 1 700. Pahali pa juu vile maji ya wazi yanachemka mbele ya digri 100. Kinachozuia maji ya radiateri kuchemka ni kifuniko kinachoshikilia presio. Kifuniko cha kubahatisha, kilichofungwa na mpira wa baiskeli, kitakuacha njiani. Na kisifunguliwe motere ikiwa moto: tumeona mikono iliyoungua.

Juu ya esanse, tuseme wazi. Ile ya ba Kadhafi, ya chupa na bidoni kando ya njia, inaweza kuwa na maji ao petroli ya taa ndani. Moto ya kwenda soko inaweza kuvumilia. Motere ya turbo inayosukumwa mpaka mwisho itagonga, na pistoni itatoboka. Jaza ku stasio inayojulikana.

Mwisho, toa vyote ndani ya gari: jeki, bidoni, viatu, chupa, na karpeti iliyo chini ya miguu. Chupa moja ikijiviringisha chini ya pedali ya freni inatosha kuua mtu. Batri ifungwe vizuri. Sentire zijaribiwe kwa kuvuta kwa nguvu. Kizima-moto kifungwe na buloni, kisilale wazi ku kiti.

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Butembo mpaka Beni ni karibu kilomita 54, Beni mpaka Kasindi karibu 80, na kutoka mpakani mpaka Kampala zaidi ya 400. Wakaaji wa hapa wanajua hali: tuko chini ya état de siège tangu Mei 2021, na njia ya Kasindi imeuza maisha mengi. Tembea mchana, uliza habari za njia asubuhi ile ile, na kama askari wanapanga msafara, fuata msafara. Gari ya kelele inayokimbilia barriere jioni inaweza kueleweka vibaya, na risasi haiulizi. Eshapema iliyokatwa ibaki nyumbani.

Beba pasporti ao karatasi nyingine ya safari, permi, karte roze ya gari kwa jina lako, na karatasi ya douane ya kuingiza gari kwa muda. Beba pia karte jone ya COMESA, ile asiransi inayokubaliwa kupita mpaka. Ukishavuka Mpondwe, unaendesha upande wa kushoto. Kilomita za kwanza uende polepole, sana sana ku ronpwe na mara tu unapotoka ku stasio: ni pale mguu na jicho vinasahau.

Fika siku moja mbele. Kuendesha usiku mzima na kuingia ku pisti asubuhi ni kutafuta ajali.

SASA, MWENYEWE

Lala saa saba ao nane. Kasiksi na Primus vingojee mpaka gari imefungwa kabisa jioni, na ile ya usiku uliotangulia pia ihesabiwe. Kunywa maji mengi: ndani ya kaske, madirisha yakiwa yamefungwa, mwili unatoa jasho kama chini ya shimo.

Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni ikipata moto inayeyuka na kushika ngozi. Viatu vifungwe, viwe na soli nyembamba ili mguu usikie pedali. Bote za machimbo hapana, sandali hapana. Kaske isiwe imeanguka ao kupigwa: ufa wa ndani hauonekani.

Jifunze bendera mbele ya kupanda. Ya njano: kuna hatari mbele, punguza, usipite mtu. Nyekundu: zamu imesimama, rudi polepole. Ya bulu: kuna mwenye mbio zaidi nyuma yako, muache apite. Nyeusi: wewe, toka nje. Ya viraka vyeusi na vyeupe: zamu imeisha.

Kisha ukae vizuri. Mgongo ushike kiti, na kiganja cha mkono kifike juu ya volani bila bega kuacha kiti. Mkono mmoja ushike volani upande wa kushoto, mwingine upande wa kuume. Jicho litazame pahali unataka gari iende, kwa sababu gari inafuata jicho. Anayetazama mti anagonga mti.

Freni inakanyagwa gari ikiwa imenyooka, mbele ya kiraji. Ukiisha kupunguza, ndipo unageuza, na gesi inarudi kidogo kidogo gari inapoanza kunyooka. Wapya wanafanya kinyume: wanaingia na mbio nyingi, wanashtuka katikati, wanakanyaga freni volani ikiwa imegeuka, na nyuma ya gari inapita mbele.

Zamu ya kwanza ni ya kujua njia. Usishindane na mtu yeyote. Kama klabu iko na mtu wa kufundisha, muombe akae kando yako na umsikilize, hata kama ni kijana kuliko wewe. Mikono ikianza kutetemeka, ao freni ikianza kunuka ao kulegea, toka. Hakuna atakayekucheka. Watu wazoefu wanatoka mapema.

KUHESABU NYUMBANI

Jambo la mwisho linapaswa kusemwa ku meza ya nyumbani. Asiransi nyingi hazilipi gari iliyovunjika ku pisti ao ku mashindano. Yaani ukigonga ukuta, gari imeisha, na utatafuta tena pesa ya kuikokota kutoka Uganda. Hesabu yote: esanse, mafuta, plaketi, pine, karatasi za mpaka, malazi, malipo ya klabu, na pesa ya kukokota iliyowekwa kando. Ikiwa hesabu ile inagusa minervali ya watoto ao parseli ya familia, bado saa haijafika. Pisti itabaki pale mwaka kesho.

Bibi yako ajue unaenda wapi, siku gani, na jina la klabu. Mchimbaji anayeshuka bila mtu wa juu kujua, akifunikwa na udongo, nani atamtafuta?

Na mwenye moto asidhani kwamba haya yote hayamhusu. Plaketi, pine, mnyororo, kaske iliyofungwa chini ya kidevu: ni hesabu ile ile, na yeye anaifanya kila siku ku njia ya Mangurejipa, bila mtu wa bendera.

Tunabakiza onyo moja la kurudi. Mtu akitoka ku pisti, macho yake yamezoea mbio. 80 kwa saa anaiona kama 40, na ukivuka Kasindi unarudi tena upande wa kuume. Lala kwanza, rudi kesho yake. Na ukifika Bulongo saa ambapo watoto wanatoka masomo, wakisikia motere yako na kusimama kando ya njia ili waone gari, uende polepole kabisa, wapate kuiona vizuri.